Nilizima Kamera Kabla ya "Lakini"

Wacha niandike kitu ambacho nimekuwa nikikihepa mwaka mzima.

Video yangu ya kwanza kutazamwa zaidi ya mara laki tatu niliifuta mwenyewe. Hakuna aliyeniripoti, na TikTok haikunitumia onyo lolote. Niliifuta nikiwa nimekalia jerikeni iliyopinduliwa ndani ya kibanda cha mabati huku Eastlands, mbele ya mzee mmoja fundi wa redio. Yeye aliendelea kuchomelea waya zake kana kwamba sikuwa hapo.

Nitamwita Fundi. Jina lake na stage yake sitataja juu aliniomba hivyo, na safari hii nimesikia.

Kwanza mnijue kidogo, kwa wale wapya. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya takwimu. Sikuacha kwa sababu mimi ni jiniasi wa kujisomea kama wale wasee wa podikasti. Karo iliisha, mamangu akaugua, nikapiga hesabu nikaona haiingiani. Nilibaki na simu ya mkono wa pili niliyonunua shilingi 14,000, na imani kwamba nina jicho. Kila mtu mtaani aliniambia nina jicho. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nina masikio, na sasa najua kwa nini.

Siku hiyo nilimpata Fundi amezungukwa na redio kuukuu. Kuna zile za mbao, kuna kaseti, kuna moja yenye kioo kilichopasuka. Mwanga wa jioni ulikuwa unaingia kupitia mashimo ya mabati. Manze, ilikuwa picha! Nikamwomba, akakubali. Nikamuuliza kazi iko aje siku hizi. Akasema zamani redio zilikuwa nyingi, watu walikuwa wanapanga foleni, siku hizi kila mtu ana simu.

Nikazima kamera. Nilikuwa na stori yangu tayari.

Usiku huo nikaweka piano ya huzuni, nikapunguza kasi ya mikono yake, nikaandika kwa herufi kubwa: FUNDI WA MWISHO WA REDIO NAIROBI. Na moyo uliovunjika hapo mwisho. Sekunde 58. Kufikia asubuhi watu walikuwa wanalia kwenye komenti. "Nani anakata vitunguu?" "Mungu amkumbuke huyu mzee." Wakauliza nambari ya M-Pesa. Nambari yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi mlangoni, nikaiweka bila kumuuliza. Nilijiona kama malaika.

Baada ya wiki mbili nilirudi kumpa habari njema. Nilidhani atanikumbatia.

"Wewe kijana," akasema, bila kuinua macho, "ni nani alikwambia nimekufa?"

Halafu akanihesabia, polepole. Kanisa moja lililokuwa likimletea amplifaya kila mwezi lilikuwa limepeleka kwa fundi mwingine, kwa sababu waliona video wakajua amefunga. Mwenye ploti naye aliiona. Akaja kuuliza kama kodi ya mwezi ujao itapatikana ama aanze kutafuta mtu mwingine. Watu asiowajua walikuwa wanampigia saa tano usiku. Na binti yake, ambaye yuko kidato cha tatu shule ya bweni, alikuwa amekataa kutoka chumbani likizo ya katikati ya muhula. Wenzake walikuwa wameionyeshana video hiyo, wakampa jina. Sitaliandika hapa.

Pesa za M-Pesa zilikuja kweli. Watu 23. Alikuwa ameandika kila jina na kila shilingi kwenye daftari lake la kazi, ukurasa wa mwisho, chini ya neno "Madeni".

Nilisoma lile neno mara mbili. Watu walikuwa wamempa msaada, yeye akauandika kama deni, kwa sababu hakuwahi kuomba.

"Kijana yangu," akasema, "umenizika nikiwa hai. Na hata mazishi hukunialika."

Ndiyo nikatoa simu nikafuta. Sio eti nilikuwa nimeelewa kila kitu. Nilikuwa na aibu tu.

Nilipofika nyumbani nikafungua faili la kwanza, lile ambalo halijaguswa. Nikalisikiliza hadi mwisho kwa hedifoni. Na hapo ndipo niliposikia kitu ambacho bado kinanisumbua. Fundi anasema, "Siku hizi kila mtu ana simu." Anavuta pumzi. Halafu anasema, "Lakini..."

Klipu inakatika hapo. Mimi ndiye niliyekata. Mzee alikuwa ananipa stori yenyewe, na mimi nikabonyeza kitufe chekundu juu nilikuwa nimeshapata huzuni yangu.

Sasa maoni yangu, na najua wengine mtakasirika.

Wengi wetu tunaojiita watu wa stori za kweli hatufanyi stori za kweli. Tunatoka nyumbani tukiwa tumeshaandika mwisho kichwani, halafu tunamtafuta mtu wa kuuigiza bila kumwambia. Mama mboga mwenye mtoto mgongoni. Chokoraa anayecheka. Mzee mwenye mikono ya makunyanzi. Tunampeleka mtazamaji hadi mlangoni, analia, analaiki, anaendelea kuskroli. Yule mtu kwenye video anabaki kuishi pale pale na majirani wale wale, lakini sasa akiwa na jina tulilompa sisi.

Najua jibu lenu. "Bro, bila huzuni hakuna watazamaji." Sikatai, huzuni inauza. Nami nina kodi ya kulipa kama wewe, nimewahi kushoot ruracio mbili kwa siku moja ndio nile. Lakini usiniambie hiyo ni kusema ukweli. Sema ni biashara, na kwenye hiyo biashara kuna mtu umechukua mali yake ghafi bure.

Wengine wanasema picha ya huzuni huleta msaada, kwa hivyo ni sawa. Hapa lazima tuzungumze juu ya Mohamed Amin, kwa sababu kila mtu wa kamera Kenya anapaswa kumjua. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzia na kamera ndogo ya kisanduku, Box Brownie. Mwaka 1984 alienda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha alizochukua kule za njaa zilirushwa Oktoba mwaka huo, na dunia ikasimama. Muziki ukarekodiwa, tamasha la Live Aid likafanyika Julai 1985, pesa nyingi zikachangwa. Watu waliishi kwa sababu ya picha zile. Hilo sitalipunguza hata kidogo.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, Amin hakuwa mpita njia. Alikuwa amefanya kazi ukanda huu miaka zaidi ya 20 kabla ya siku ile. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, mlipuko uliomuua mwenzake wa sauti, John Mathai. Alirudi kazini na mkono bandia. Alikufa mwaka 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro. Huyo ni mtu aliyekaa na stori maisha yake yote. La pili, hata picha iliyochukuliwa na mtu kama huyo, kwa nia kama hiyo, ikishatoka inaanza maisha yake yenyewe. Hadi leo kuna watu duniani ambao wakisikia Ethiopia wanaona njaa tu, miaka 40 baadaye. Kama nguvu hiyo ilimshinda Amin kuizuia, mimi na simu yangu ya 14,000 ni nani?

Tofauti ni kwamba kule watu walikuwa wanakufa kweli. Fundi wangu hakuwa anakufa. Nilimuua mimi ili video ipendeze.

Basi nikarudi. Jumamosi iliyofuata nikaenda bila kamera, nikakaa kwenye jerikeni. Hakunifukuza, hakunisalimia vizuri. Jumamosi ya pili akanituma nikamnunulie chai na mandazi. Ya tatu akanipa bisibisi akaniambia nifungue wufa. Ilikuwa mwezi wa pili ndipo akaniuliza, "Ile mashine yako iko wapi?"

Kwa hizo wiki bila kamera niliona kitu ambacho jicho langu zuri halikuwa limeona. Zile redio kuukuu hazikuwa kazi yake. Zilikuwa za kuvua vipuri. Kazi yake yenyewe ilikuwa nyuma, chini ya turubai: amplifaya, maspika, mikisa. Siku yake ya moto ni Jumamosi, kwa sababu Jumapili makanisa yote ya mtaa yanapiga sauti. Kutoka mchana vijana wa kanisa wanafika na mikokoteni na bodaboda wamebeba spika kama mgonjwa. Jioni wanakuja makondakta wa mathree ambao wufa zimechomeka. Nusu ya kelele unayosikia mtaa ule imepita kwa mikono yake. Na eti fundi wa mwisho? Ukitembea dakika tano kutoka kwake kuna mafundi wengine wanne. Wawili aliwafundisha yeye.

Hiyo ndiyo ilikuwa "lakini".

Tukaanza kushoot, miezi minane, Jumamosi kwa Jumamosi. Na hapa ndipo nilipojifunza kazi, wasee, sio kwenye kozi ya mtandaoni. Kibanda chake kina tyubu mbili za mwanga. Kila nikirekodi, picha inapepesa, mistari myeusi inapanda na kushuka. Nilikuwa nimetazama video kumi za kurekebisha kwenye kompyuta. Fundi akaiangalia skrini yangu akacheka.

"Kamera yako inahesabu ngapi kwa sekunde?"

"Fremu 30."

"Stima ya Kenya ni hezi 50. Hiyo taa inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Wewe unahesabu yako, taa inahesabu yake. Lazima mpigane."

Nikaweka fremu 25 na shata moja chini ya 50. Mistari ikatulia. Mzee ambaye nilikuwa nimemwambia ulimwengu kwamba amepitwa na wakati ndiye aliyenifundisha kitu ambacho sasa naweka kwenye kila kazi ninayofanya ndani ya nyumba.

Sauti pia ni yeye. Alisikiliza rekodi yangu ya kwanza na hedifoni zake kubwa, akasema, "Nasikia feni ya kinyozi, nasikia mtoto wa jirani, mimi sijisikii." Nikanunua maiki ya kubana shatini, 1,200. Akaniambia mtu anavumilia picha mbaya ikiwa sauti ni safi, lakini sauti mbaya hata picha iwe ya Hollywood ataondoka. Kijaribu mwenyewe utaona. Sasa kabla sijaondoka mahali popote narekodi nusu dakika ya ukimya wa pale, kila mtu ametulia, kwa sababu hata ukimya wa kibanda cha mabati una sauti yake, na ukikata mazungumzo bila hiyo sauti ya chini unasikia mashimo.

Mengine niliyajifunza kwa kuharibu. Shikilia picha sekunde kumi kabla hujasogea, hata kama mkono unawasha. Piga ya mbali ili tujue tuko wapi, ya kati tuone mtu, ya karibu tuone kazi. Mikono ya Fundi ikishika risasi ya kuchomelea inasema mengi kuliko uso wake ukitazama mbali kwa huzuni ambayo mimi ndiye nilimwambia aiweke. Toka nje mapema: sisi tuko karibu na ikweta, jua la Nairobi likianza kushuka halingojei mtu, ule mwanga wa dhahabu unaukosa ukiwa bado unafuta lenzi. Weka nakala mbili za kila kitu, sehemu mbili tofauti. Nilipoteza Jumamosi mbili nzima kwa kadi moja ya duka la bei rahisi.

Na ya kuuliza swali: uliza, kisha nyamaza. Mtu akimaliza kujibu, hesabu hadi tano kabla hujafungua mdomo. Watu wengi husema jambo lenyewe kwenye zile sekunde tano, wakijaribu kujaza ukimya. "Lakini" huishi hapo.

Msiniambie mambo ya kukaa na mtu miezi ni ya wazungu wenye bajeti. Kuna filamu inaitwa Thank You for the Rain, ya 2017. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, Kitui. Alipewa kamera, akarekodi familia yake na shamba lake miaka mitano, ukame na mvua, hadi akafika kwenye mkutano wa tabianchi Paris mwaka 2015. Mkulima huyo ana nafasi yake kama mwongozaji, pamoja na Julia Dahr wa Norway. Tazama Softie ya Sam Soko, ya 2020, iliyopata tuzo ya uhariri Sundance. Unaingia ukidhani utaona Boniface Mwangi akirushiwa vitoa machozi. Unayaona, lakini unachotoka nacho ni mke wake Njeri na watoto, na bei ambayo nyumba nzima ililipa. Hiyo huwezi kuipata kwa kutembelea mtu dakika 40. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King ni hivyo hivyo: nyanya wa Pwani anaitwa mchawi na watu wake mwenyewe. Ingekuwa rahisi kuifanya filamu ya kushtua. Walikaa wakatuonyesha familia na mgogoro wa ardhi.

Kuhusu ruhusa, jamani. Mtu kusema "sawa" ukiwa umemwelekezea simu sio ruhusa, ni adabu. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inatambua kwamba mtu aliyekubali anaweza kubadilisha nia, na kwamba data ya mtoto inahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Mimi niliweka nambari ya simu ya mtu mtandaoni kwa sababu ilikuwa mlangoni kwake. Mlangoni aliiweka kwa wateja. Sikuwa na haki ya kuisogeza. Siku hizi namwambia mtu mambo matatu kabla sijawasha: itakuwa wapi, nani anaweza kuiona, na kwamba ataiona yeye kwanza.

Ya tatu ndiyo ngumu. Ndiyo nilikuwa naogopa.

Filamu ilipokamilika ilikuwa dakika 19. Jumapili jioni tukaiweka kwenye runinga ambayo Fundi aliitengeneza mwenyewe. Alikuwapo yeye, mkewe, wale mafundi wawili aliowafundisha, kijana wa kanisa, na binti yake. Alikaa karibu na mlango, mikono amekunja. Sikuwahi kuogopa mtazamaji kama yule. Laki tatu hawakunitisha hivyo.

Walicheka mahali ambapo sikutarajia. Mkewe akakosoa mwaka fulani, nikaandika. Ilipoisha, Fundi akasema kuna kitu kimoja nitoe. Ni pale anapozungumza kuhusu kakake aliyekufa, sauti inakatika, mkono unabaki hewani na bisibisi. Wasee, hiyo ndiyo ilikuwa picha yangu bora. Nimeishoot vizuri kuliko chochote maishani mwangu. Nilijaribu kumweleza kwamba ndiyo inayobeba filamu.

"Inabeba filamu yako," akasema. "Mimi nitabaki kuibeba hapa."

Nikaitoa. Nitakuwa mkweli, iliniuma wiki nzima na bado nadhani filamu ingekuwa na nguvu zaidi ikiwa nayo. Sijapata njia ya kusema hilo likae sawa. Lakini sio nguvu yangu kuitumia.

Binti yake hakuniambia kitu siku ile. Aliondoka na bakuli za chai. Wiki iliyofuata Fundi alinitumia ujumbe kwamba amemwomba faili, anataka kuwa nayo kwa simu. Hiyo tu. Sijui kama ameonyesha mtu shuleni na sijauliza.

Tuliiweka mtandaoni mwezi uliopita. Hadi leo imetazamwa mara 4,112. Hiyo ya piano ilifika hapo kabla ya chakula cha mchana. Sitawadanganya kwamba haiumi, kwa sababu naangalia hizo nambari kila asubuhi kama mtu anayeangalia salio la M-Pesa. Lakini lile kanisa limerudi na amplifaya yake. Na kati ya wale watu 23 wa kwenye daftari, watatu wameona filamu wakamtafuta Fundi wenyewe. Mmoja alileta wufa. Alitengenezewa bila malipo, na jina lake likakatwa mstari kwenye ukurasa wa madeni.

Wamebaki 22. Kama uliwahi kutuma pesa kwa video ya fundi wa redio kutoka kwa akaunti yangu, una deni la kudai. Nitumie ujumbe nikuelekeze. Beba kitu kilichoharibika.